Nimelipa 45,000 kwa wakala wa ajira hapa Mwanga, Kigoma, kazi sijaiona. Ni halali?

Binti_wa_Gungu:
Habari za jioni wadau. Mimi ni mtu wa Kasulu, nakaa Gungu kwa mama mkubwa. Mwezi wa pili niliona karatasi kwenye nguzo ya umeme karibu na soko la Mwanga: wanatafutwa makeshia na wahudumu wa hoteli, Mwanza na Dar, nauli juu yao. Nikapiga.

Ofisi ni chumba kimoja nyuma ya saluni: meza, kalenda ya mwaka jana na mhuri. Ule mhuri ndio ulioniponza. Jamaa aliupulizia pumzi kwanza, akaugonga taratibu, nikajua hapa niko serikalini kabisa. Fomu 15,000, usajili 30,000. Huo ulikuwa mtaji wangu wa mawese. Risiti ni kipande cha daftari, "imepokelewa" na saini isiyosomeka. Tena nikipata kazi watakata nusu ya mshahara wa kwanza.

Sasa ni mwezi wa nne, kila nikipiga bosi yuko safarini. Juzi kaniambia niongeze 60,000 nipelekwe Oman. Kutoka ukeshia wa Mwanza hadi Oman! Naomba kujua, wanaruhusiwa kututoza? Na hela yangu naidai wapi?

Boda_Kibirizi:
Usiongeze hata mia. Hiyo saluni naijua, abiria wangu wawili wamelizwa hapohapo.

Mzee_wa_Leseni:
Pole mwanangu. Nimekaa ofisi ya wakala Dar miaka sita, nikueleze tulivyokuwa tunafanya. Anayelipa ni mwajiri, kwa sababu yeye ndiye anayetafutiwa mtu. Mtafuta kazi hatozwi. Kanuni za mwaka 2014 zilizo chini ya Sheria ya Huduma za Kukuza Ajira ya 1999 zimekataza kumtoza, na wakala lazima awe na leseni ya Kamishna wa Kazi. Mhuri unachongwa popote, mwanangu. Omba leseni, usome jina na tarehe.

Hata duniani ilichukua muda. Mkataba Na. 96 wa ILO, Shirika la Kazi Duniani, wa 1949 uliziachia nchi zichague: kuwafuta mawakala wa kulipisha au kuwadhibiti. Ule Na. 181 wa 1997 ndio uliosema mfanyakazi asitozwe, moja kwa moja wala kwa kuzunguka, ingawa uliacha upenyo wa kazi chache maalumu. "Fomu", "usajili" na nusu mshahara ndiko kuzunguka kwenyewe.

Hiyo ya Oman iogope zaidi. Ukishafika kule, pasipoti ikishikwa na mwajiri, utamdai nani? Waulize TaESA, ni wakala wa serikali wa huduma za ajira tangu 2008.

Kuhusu hela, nenda kwa Afisa Kazi na hicho kipande chako, na polisi ukaripoti utapeli. Meseji zake usifute.

Boda_Kibirizi:
Mzee, huyo akisikia polisi si anahama usiku?

Mzee_wa_Leseni:
Ndiyo maana asimtangulizie habari.

Binti_wa_Gungu:
Asante mzee wangu, ila nimechelewa kusoma, asubuhi nilishamwendea. Nimemuuliza leseni, kasema iko kwa mwanasheria wake. Nilipotoka nikapita pale kwenye nguzo: ile karatasi imebanduliwa, ipo mpya, maneno yaleyale, namba ya simu nyingine. Nimeipiga picha. Jumatatu nikishamaliza kuuza naenda kwa Afisa Kazi, mama mkubwa kasema atanisindikiza.