Kundi la Ukoo: Kuingia Budapest kwa Meli

[Jumanne, saa 2:10 asubuhi] Zuhura: Shikamooni nyote. Tuliondoka Vienna jana usiku tukishuka mto Danube kuelekea Budapest, na sasa tumesimama kwenye foleni ya meli mbele ya bwawa la Gabčíkovo, nchini Slovakia. Mama amelala vizuri na goti halikumsumbua. Tangu alfajiri ameketi dirishani akiandika kwenye daftari namba za vibao vilivyosimikwa ukingoni mwa mto, na ameniuliza mara tatu kwa nini namba hizo zinapungua badala ya kuongezeka. Sina jibu la kumpa.

[saa 2:24] Mjomba Idrisa: Marahaba. Mwambie dada yangu kwamba Danube hupimwa kinyumenyume: kilomita sifuri iko Sulina, nchini Romania, pale mto unapoingia Bahari Nyeusi, na hesabu hupanda kuelekea kwenye chimbuko lake kule Ujerumani. Vienna iko karibu na kilomita 1,929, na katikati ya Budapest ni karibu na kilomita 1,647, kwa hiyo akitoa hesabu yake vizuri atajua safari iliyobaki bila kumsumbua nahodha. Sisi wa baharini tulizoea kuwacheka watu wa mitoni kwa kuwa na vibao kama vya barabarani, ingawa ziko nyakati ambazo ningelipia kibao kimoja.

[saa 2:31] Babu: Nafurahi kuona sentensi kamili katika kundi hili, jambo ambalo mwaka jana lilikuwa ndoto. Mnijulishe bwawa hilo ni la kazi gani, na kwa nini meli zipange foleni mtoni kama watu wanaongoja mkate.

[saa 2:45] Mjomba Idrisa: Shikamoo, Mzee wangu. Bwawa linazalisha umeme, na meli huteremshwa kando yake katika vyumba viwili vya maji, kila kimoja kikiwa na urefu wa mita 275 na upana wa mita 34. Meli huingia, milango hufungwa nyuma yake, kisha maji huachiwa yatoke kwa chini, na meli hushuka nayo kama kikombe kinachoelea ndani ya ndoo inayovuja. Hakuna mashine inayoibeba. Tofauti ya kimo ni karibu mita 20, na chumba kimoja kikiwa na hitilafu au kikiwa kwenye matengenezo, foleni hurefuka papo hapo.

[saa 2:52] Mjomba Idrisa: Niongeze jambo moja ambalo Mzee atalipenda, kwa kuwa yeye ni mtu wa historia. Bwawa hilo lilikuwa mradi wa pamoja wa Hungaria na Czechoslovakia kwa mkataba wa mwaka 1977. Hungaria ikasimamisha kazi upande wake mwaka 1989, wenzao wakaendelea peke yao na kuugeuza mto uingie kwenye mfereji wao mwezi Oktoba 1992, na kesi ikafika Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague. Mwaka 1997 mahakama iliamua kwamba kila upande ulikuwa umekosea, ikawaambia warudi mezani.

[saa 3:05] Babu: Hukumu ya namna hiyo niliitoa mara nyingi darasani.

[saa 5:20] Zuhura: Tumevuka, baada ya kusubiri saa tatu nzima. Kabla ya kuingia chumbani tulikuwa juu ya mfereji uliojengewa kingo ndefu za udongo, na mapaa ya nyumba za vijiji vya kando yalikuwa chini kuliko usawa wa maji tuliyoelea juu yake, jambo ambalo Mama alikataa kuliamini mpaka alipopanda sitahani na kuona kwa macho yake. Halafu tukaanza kushuka. Ukuta wa saruji ukawa unapanda mbele ya dirisha letu, umelowa, una mwani wa kijani na michirizi ya kutu, na mwanga chumbani ukapungua kana kwamba magharibi imeingia mapema. Mama akanyoosha mkono kwenye kibaraza ili auguse ukuta. Mhudumu mmoja akamwomba kwa adabu sana aurudishe.

[saa 5:26] Shangazi Rehema: Wifi yangu na mikono yake! Lakini saa tatu hizo ni nyingi. Ratiba mliyonitumia inasema mtafika Budapest saa 11 jioni ili muione mji kukiwa bado na mwanga. Sasa mtafika saa ngapi?

[saa 5:30] Zuhura: Wametutangazia saa 2 usiku, Shangazi. Abiria kadhaa wamekwenda mapokezi kulalamika, nami nilikuwa mmojawao, nakiri.

[saa 10:15 jioni] Zuhura: Tumeipita Esztergom. Kanisa lake kuu ndilo kubwa kuliko yote Hungaria, na liko juu ya mwamba, kwa hiyo unaanza kuliona kuba lake muda mrefu kabla ya kuuona mji. Kilichonigusa zaidi ni daraja linalouunganisha mji huo na upande wa Slovakia. Lilibomolewa na majeshi ya Ujerumani yaliyokuwa yakirudi nyuma mwishoni mwa mwaka 1944, na halikufunguliwa tena hadi mwaka 2001. Kwa muda wa zaidi ya nusu karne watu wa ng'ambo hizi mbili walitazamana kwa macho.

[saa 11:25 jioni] Zuhura: Hapa Visegrád mto unageuka. Tangu Vienna tulikuwa tukielekea mashariki. Sasa vilima vimeubana mto pande zote mbili, na meli inapinda polepole kuelekea kusini, huku jua la Oktoba lililokuwa nyuma yetu likihamia kulia. Mama amefunga daftari. Amesema namba hazina maana mahali kama hapa.

[saa 12:40 jioni] Salim: Dada Zuhura, kwa kuwa nami nataka kuifanya safari hii mwaka ujao, naomba unisaidie jambo moja: nikiwa sitahani wakati wa kuingia mjini, niketi upande gani?

[saa 12:48 jioni] Mjomba Idrisa: Acha nijibu kwa ramani, naye atakusahihisha kwa macho. Ukifuata mkondo kutoka kaskazini, Buda yenye vilima na kasri iko kulia kwako, na Pest ya tambarare, yenye Bunge, iko kushoto. Ilikuwa miji tofauti mpaka mwaka 1873, Buda, Óbuda na Pest zilipounganishwa. Keti kushoto, lakini usijishikize na kiti. Zuhura, baada ya kupita mji meli yenu itageuka, kwa sababu nahodha hupenda kutia gati omo, yaani mbele ya meli, ikiukabili mkondo, maana hapo usukani humtii hata akienda polepole sana. Kwa hiyo mtaona kila kitu mara mbili.

[saa 3:35 usiku] Zuhura: Tumefika, na imenibidi nisubiri kidogo kabla ya kuandika. Tulipita kandokando ya Kisiwa cha Margaret, ambacho ni cheusi kabisa usiku kwa sababu ni bustani, na mbele yetu likatokea Daraja la Margaret, la mwaka 1876, ambalo limepindwa katikati kama kiwiko. Unapita chini yake huoni kitu ila matumbo ya chuma. Ukichomoza upande wa pili, Bunge lote liko hapo kushoto, likiwa limewashwa taa za rangi ya dhahabu kuanzia majini hadi kwenye ncha, na ubavuni mwote, mita 268 kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, na taswira yake imelala juu ya maji ikitikisika. Watu waliokuwa wakizungumza sitahani walinyamaza. Mama aliniuliza kwa sauti ndogo ni jengo la nani, nikamwambia ni la wabunge, akasema, "Wote hawa?"

[saa 3:41 usiku] Zuhura: Baadaye likaja Daraja la Minyororo na simba wake wa mawe, kasri upande wa kulia, kisha Daraja la Elisabeth, jeupe na jembamba. Tukageuka kama Mjomba alivyosema, tukarudi polepole, na safari hii Mama ndiye aliyekuwa akiwaonyesha wenzake. Nimefuta malalamiko yangu ya asubuhi, kwa maana saa 11 jioni tungeliona jengo la mawe tu.

[saa 3:50 usiku] Babu: Madaraja hayo yote yalilipuliwa na Wajerumani walipokuwa wakishindwa vita, mwishoni mwa 1944 na Januari 1945. Hilo la Minyororo lilifunguliwa mara ya kwanza mwaka 1849 na likarudishwa mwaka 1949, miaka mia kamili baadaye. La Elisabeth ndilo pekee kati ya madaraja ya katikati ya mji lililojengwa upya kwa umbo jingine, mwaka 1964. Ndiyo maana umeliona jembamba.

[Jumatano, saa 1:30 asubuhi] Zuhura: Nimeamka, nimevuta pazia ili niuone mji, na uso kwa uso nimekutana na mzee mmoja aliyevaa pajama akipiga mswaki. Meli nyingine imekuja usiku na kufungwa ubavuni mwa yetu. Kijitabu walichotupa wakati wa kulipia kilisifu "dirisha linalotazama mji", lakini hakikusema kwamba gati ni chache na meli hupangwa mbili mbili, hata tatu tatu, kiasi kwamba wa nje hupita katika ukumbi wa wa ndani ili wafike nchi kavu. Salim, usilipe fedha za ziada kwa ajili ya kibaraza cha chumba. Sitaha ni ya wote na haizibwi.

[saa 1:38] Mjomba Idrisa: Huko kufungana ubavu ni jambo la kawaida mtoni. Mtafutie mzee huyo salamu ya asubuhi.

[saa 1:44] Salim: Nimelinakili hilo la kibaraza. Nilitaka pia kuuliza kuhusu viza, kwa sababu nimeona safari nyingine inayoendelea mpaka Belgrade.

[saa 2:05] Zuhura: Hapo uwe mwangalifu. Austria, Slovakia na Hungaria zote ziko katika eneo la Schengen, kwa hiyo viza moja ya kuingia mara moja ilitutosha, na mpakani hatukusimamishwa. Serbia haimo. Ukienda Belgrade umetoka Schengen, na kama unarudi Vienna kupanda ndege utahitaji viza ya kuingia zaidi ya mara moja. Maombi hupelekwa kwenye ubalozi wa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, si ile unayotua kwanza, ila tu kama siku zinalingana. Bima ya safari iwe ya euro 30,000 au zaidi. Tena, euro zako zitumie Austria na Slovakia. Hungaria wana forinti zao.

[saa 9:10 alasiri] Zuhura: Mizunguko ya leo imetegemea goti la Mama. Tulianza na tramu namba 2, inayokwenda kando ya mto upande wa Pest, na sijui kama kuna matembezi mengine ya mji yanayofanywa ukiwa umeketi na yakakupitisha mbele ya Bunge na madaraja kwa nauli ya kawaida. Ngazi za kupandia zilimsumbua kidogo, kijana mmoja akamshika mkono. Bungeni hatukuingia kwa sababu tiketi za leo zilikuwa zimekwisha. Mwenye nia akate mapema, na ajue kwamba raia wa Umoja wa Ulaya hulipa kidogo kuliko sisi. Kuba lake lina kimo cha mita 96, sawasawa na kanisa la Mtakatifu Stefano, kwa kumbukumbu ya mwaka 896 ambao Wahungaria huuhesabu kuwa ndio waliofika katika nchi hii.

[saa 9:22 alasiri] Zuhura: Kusini kidogo ya Bunge, ukingoni kabisa mwa maji, kuna jozi 60 za viatu vya chuma. Viliwekwa mwaka 2005 kuwakumbuka Wayahudi waliopigwa risasi hapo na wanamgambo wa chama cha Msalaba wa Mishale, mafashisti wa Hungaria, majira ya baridi ya 1944 na 1945. Waliamriwa kuvua viatu kwanza, kwa sababu viatu vilikuwa na thamani, kisha miili ikaangukia mtoni. Viko vya kike vyenye visigino, viko vya wafanyakazi vilivyokunjamana ngozi, na kimoja kidogo cha mtoto ambacho mtu alikuwa ametumbukiza ndani yake peremende iliyofungwa karatasi nyekundu. Jana usiku tulipita mita chache kutoka hapo tukishangilia taa. Mama aliomba akae kidogo, akakaa nusu saa.

[saa 9:30 alasiri] Shangazi Rehema: Mpe pole wifi yangu. Mwambie nitampigia usiku.

[saa 9:33 alasiri] Babu: Na upande wa Buda? Waturuki Waosmani waliitawala kuanzia 1541 mpaka 1686. Haiwezekani wasiache kitu.

[saa 12:20 jioni] Zuhura: Wameacha, Babu. Kasrini tulipanda kwa kigari cha kamba kinachokwea kilima kwa reli, cha tangu mwaka 1870, na teksi ikatupeleka kwenye kaburi la Gül Baba, dervishi wa tarika ya Bektashi aliyekufa hapa mwaka huohuo wa 1541. Ni jengo dogo la pembe nane lenye kuba, limezungukwa na mawaridi, na hakukuwa na msongamano wowote. Mtaa wa kuufikia umetandikwa mawe na ni mkali mno. Mwenye goti bovu asijaribu kwa miguu. Mama alisoma Fatiha, akatazama mto kutoka juu, akaniomba daftari.

[saa 12:31 jioni] Zuhura: Ameandika hivi, nami nanakili: "Idrisa, namba ya kwanza niliyoiandika Vienna ni 1,929, na ya mwisho jana usiku ni 1,647. Ni kilomita 282. Nimekosea?"

[saa 12:33 jioni] Mjomba Idrisa: Hukukosea, dada.

[saa 12:40 jioni] Salim: Mimi nimeamua kuishia Budapest, usiku mmoja Vienna na mitatu huko, kwa hiyo nitaomba viza ubalozi wa Hungaria. Mama Mkubwa, naomba nikuazime daftari.

[saa 12:52 jioni] Zuhura: Anasema ununue lako.