Vijineno "a" na "the" vyanitoa jasho chuoni: naomba ushauri

Mwanafunzi, Kondele:
Hamjambo wanajukwaa. Nasomea ualimu hapa Kisumu, mwaka wa pili, na somo langu kuu ni Kiingereza. Nyumbani twazungumza Kijaluo, mtaani Kiswahili, na Kiingereza nilikikuta shuleni, ambako nilikuwa nikipata alama nzuri hata nikadhani nimekimaliza. Juma lililopita nilirudishiwa insha ya kurasa nne iliyojaa wino mwekundu. Maneno magumu yalipita salama. Kilichoniangusha ni vijineno. Niliandika "the Lake Victoria", "the" ikakatwa. Nikaandika "Nile" peke yake, "the" ikaongezwa. Sentensi "I have written the letter yesterday" ilipigiwa mistari miwili bila maelezo. Kanuni nimezikariri, ila nikishika kalamu hupotea. Mliopitia njia hii mlifanyaje?

Mwalimu mstaafu, Kakamega:
Pole, mwanangu. Kosa la barua umelitoa kwetu: sisi husema "nimeiandika jana" na hakuna anayeshtuka, ilhali Kiingereza hakikubali "have written" ikae pamoja na wakati uliokwisha kupita. Ukitaja jana au 2019, andika "wrote".

Kuhusu "the", tumia Kiswahili chako. Tuseme: "Nilinunua samaki ufukweni Dunga. Samaki huyo alikuwa mnono." Wa kwanza ni "a fish", kwa kuwa msomaji hamjui bado, wa pili ni "the fish", kwa kuwa ameshatambulishwa. Kila unaposita, jaribu kutia "huyo", "hiyo" au "ile" baada ya nomino, na ikikaa vyema, aghalabu "the" inafaa. Majina ya mahali hayafuati hoja hiyo: ziwa moja au mlima mmoja, kama Mount Elgon, hauchukui "the", lakini mito, bahari na safu za milima huchukua. Hayo yakariri tu. Hata mimi niliyakariri.

Mama Wawili, Nakuru:
Kanuni pekee hazikunisaidia. Nilikuwa nanakili mistari kumi ya taarifa ya gazeti la Kiingereza, nikiacha pengo kila penye "a", "an" au "the", kisha kesho yake najaza bila kuchungulia na kulinganisha. Siku za mwanzo nilikosea karibu nusu. Na usisahau matamshi, maana Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, nasi huhamishia mazoea hayo kwenye "record", ambayo ikiwa nomino hukazwa mwanzoni na ikiwa kitenzi hukazwa mwishoni.

Mwanafunzi, Kondele:
Asanteni sana. Nimeipitia insha upya kwa kipimo cha "hiyo" na makosa mengi yamejieleza yenyewe. Limebaki moja: mstari wa kwanza kabisa umesahihishwa kuwa "the government", ilhali serikali sikuwa nimeitaja kabla.

Mwalimu mstaafu, Kakamega:
Insha yahusu nchi moja, na msomaji anajua ni serikali gani kabla hujaitaja, kama anavyolijua jua na mwezi. Iandike upya aya hiyo ya kwanza, uilete hapa tuione.