Tupeane uzoefu: Kiangazi, rolakosta na vituko vya njiani

Mpenda Rolakosta: Wakuu, shule zimefungwa na ratiba nishaiweka. Natoka Columbus, Ohio, naanza bustani ya michezo ya Kings Island kwa ajili ya The Beast, ile rolakosta (treni ya kupanda na kuporomoka kwa kasi) ya mbao ya mwaka 1979, reli yake zaidi ya mita 2,200. Kisha Louisville, kisha bustani ya Holiday World kule Indiana kuifuata rolakosta yao, The Voyage, namalizia pango la Mammoth Cave, Kentucky. Mke wangu anataka katikati tuone "vitu vya maana". Waliopita huko watupe uzoefu. Mliokwama, mliotapika, wote karibuni.

Binti Kahama: The Beast panda usiku. Mchana ni ya kawaida tu.

Kamanda wa Dayton: Usimpoteze mwenzio. Asubuhi geti likifunguliwa, moja kwa moja huko. Usiku utazeekea kwenye foleni.

Binti Kahama: Foleni ni foleni. Gizani huoni reli inakoelekea, ndio utamu wenyewe.

Mkwe Mwema: Mmenikumbusha jambo ambalo nyumbani kwangu halizungumzwi. Mama mkwe alikuja kututembelea kutoka Tabora, tukampeleka kwenye bustani moja, siitaji, yenye rolakosta ya mbao ya zamani. Mke wangu mjamzito, haruhusiwi kupanda. Mama akasema hakuvuka bahari kuja kukaa kwenye benchi. Haya, nimsindikize. Nikajipangia kukaa siti ya nyuma yake, kwa heshima. Kijana wa pale ananyoosha vidole viwili: wawili wawili, hapahapa. Akatushushia chuma KIMOJA mapajani, mimi na mama mkwe! Nikajibana ubavuni mwa behewa mpaka bega likauma.

Tunapanda ule mlima, ka-ka-ka-ka, karibu na kilele kimya. Treni imesimama. Kipaza sauti kinasema tutulie. Mama anauliza, "Baba, ndivyo inavyokuwaga?" Nikajibu ndiyo mama, inapumzika. Jua linawaka, yeye yuko kwenye Ayatul Kursi, mimi nakodolea macho magari yaliyoegeshwa huko chini kama vile natafuta langu. Mara akanikamata mkono. Mtu ambaye miaka yote namwamkia nikiangalia chini!

Wakaja wafanyakazi kwa ngazi za pembeni mwa reli, wakawa wanafungua safu moja moja. Aliyetufikia sisi ni mwanamume, akampa mama mkono ashuke. Mama akakataa katakata. Kajifunga kanga kiunoni, kanigeukia: "Baba, tangulia. Ukianguka nitajua pa kutokanyaga."

Shosh wa Minnesota: Aki nimecheka kwa basi hadi watu wananiangalia 😂😂

Mzee wa Mila: Mnacheka nini? Mtu na mkwewe chuma kimoja? Kwetu hapo unatoa mbuzi.

Binti Kahama: Mbuzi wa nini, Mzee? Chuma kashusha mzungu.

Mzee wa Mila: Angempisha mtu mwingine akae na mama, yeye asubiri treni inayofuata.

Mkwe Mwema: Nimwache mama mgeni juu kule na mtu asiyemjua? Ungekuwa wa kwanza kunisema kwa hilo.

Shosh wa Minnesota: Wachaneni na mbuzi. Mkifika chini mama alisema?

Mkwe Mwema: Alidai hela yake. Wakampa karatasi ya kupita bila foleni, akaitia kwenye pochi, akaondoka nayo hadi Tabora.

Mutoto ya Uvira: Miye niko Louisville. Musipite huku bila kuingia Muhammad Ali Center, iko pembeni ya mto Ohio. Baba yangu mpaka leo anaongeaka ile ngumi ya Kinshasa ya 1974, Ali na Foreman. Nikamupeleka pale, akasimama mbele ya picha, akakatala kutoka. Tulikulaka saa ya jioni.

Kamanda wa Dayton: Hilo la maana kweli. Lingine: jirani na Holiday World pana shamba alikokulia Abraham Lincoln, 1816 hadi 1830, na kaburi la mama yake lipo. Mwambie mkeo. Holiday World yenyewe soda bure, mafuta ya kujikinga na jua bure.

Shosh wa Minnesota: Mafuta ya jua na hii ngozi yetu?

Binti Kahama: Jipake dada, jua la Julai halichagui.

Kamanda wa Dayton: Na angalieni saa. Ukitoka Louisville kwenda Holiday World au pangoni, saa inarudi nyuma kwa saa moja. Tiketi za pango kateni mapema, kiangazi zinaisha. Bebeni masweta, ndani ni nyuzi 12 hivi mwaka mzima. Njia za pango zimeshapimwa zaidi ya kilomita 680, lakini mtatembezwa kipande tu.

Mpenda Rolakosta: Asanteni. Wa mwisho wangu bado kidogo afike inchi 48 za The Voyage. Kuna mbinu?

Shosh wa Minnesota: Msukie nywele zisimame.

Kamanda wa Dayton: Wanabonyeza nywele hao. Asipofika asipande, ule urefu wameuweka kwa sababu ya chuma cha kumshikilia.

Mzee wa Mila: Mwache na bibi yake kwenye benchi.

Dogo Janja wa Texas: Nimeingia sasa hivi, sijasoma yote. Huyo mama wa Tabora alishuka?