Tupeane uzoefu: Uliumia ukashindwa kurudi kazini, mikono yako ikaangukia ufundi gani?

Baharia wa Zamani, Amu

Assalam aleikum wadau. Miaka yote nasoma tu, leo naanzisha uzi wangu mwenyewe. Na uzi ndio habari yenyewe, mtaona.

Miaka 19 nalikuwa baharia wa jahazi la mizigo. Tukibeba mchanga, mawe na boriti za mikoko kuingiza Amu, yaani Lamu. Yakija mashindano ya mashua, nahodha akinipandisha mimi kwenye ubao wa kusawazisha mashua, maana nalikuwa mwepesi na maji siyaogopi. Mtu akiniuliza wewe nani, namwambia baharia, jina alilonipa baba linakuja baadaye.

Mwaka 2014 tukitoka mlango wa bahari wa Mkanda, upepo wa kusi, tuko katika kubisha, yaani kwenda kinyume cha upepo, henza, kamba ya kupandishia tanga, ikakatika. Ilikuwa ya nailoni, imesagika pale inapopita kwenye gofia, yaani kapi, na kila mmoja wetu alikuwa ameiona. Tulisema tutaibadilisha Ijumaa. Foromali, ule mti unaobeba tanga, ikashuka nayo na mimi niko chini yake. Mtulinga ulivunjika vipande, bega likatoka mahali pake. Mifupa iliunga, alhamdulillahi, lakini mkono wa kulia haupandi kupita kifua hadi leo. Na baharia asiyeweza kuvuta henza ni abiria tu.

Nikakaa barazani mwaka mzima nikihesabu matanga. Kila linalopita najua la nani, limeshonwa na nani, limetiwa kiraka lini. Wenzangu wakipita wananiita "nahodha" kwa kunitania na kunifariji, mimi moyo unachomeka. Wadau, sitaki kuwaficha, nilifika mahali nikawa naingia ndani nikisikia sauti zao.

Mke wangu hushona kofia za kazi, zile za kutoboa na kushona kwa mkono, kama nyumba nyingi za Langoni. Binti yetu, wakati ule ana miaka 12, akimsaidia akitoka chuoni, yaani madrasa. Siku moja, kwa uchovu wa kukaa tu, nikaokota kitambaa. Nilijiona najua. Nimeshona matanga kwa shazia, sindano ya matanga, tangu nikiwa kijana, nikasema sindano ni sindano. Binti akaja, akatazama, akasema, "Baba, fumua."

Kwa msiojua: kitambaa ni cheupe, tabaka mbili. Kinachorwa kwa penseli, halafu unatoboa tundu moja moja, na kila tundu unalizungushia uzi hadi ukingo wake usimame mgumu. Matundu ni mamia kwa kofia moja. Ukikaza sana kitambaa kinakunjamana, ukilegeza tundu linafunguka kwenye kufuliwa kwa kwanza. Mimi nilikuwa nakaza, nikivuta kama navuta demani, kamba ya tanga. "Baba, fumua." Wiki tatu nzima sikusikia neno jingine nyumbani kwangu. Mtu aliyekuwa akipigia kelele mabaharia sita anaambiwa fumua na mtoto aliyemnunulia viatu vya shule!

Lakini kuna kitu nilikigundua. Kazi yote ya kofia iko mapajani. Mkono hauna haja ya kupanda. Bega langu, ambalo daktari na mganga na majirani wote walikuwa wakiliangalia kama maiti, hapa halina kesi yoyote.

Kofia ya kwanza ilinichukua miezi mitano. Mke wangu anamaliza moja kwa mwezi na siku kidogo, huku anapika.

Basi nauliza: nani mwingine humu aliumia akaacha kazi iliyomfanya ajulikane, akaanza ufundi akiwa mtu mzima? Nani alikufundisha? Na ulikaa muda gani kabla hujaacha kuona haya kuitwa fundi?

Bi Ukili

Waaleikum salaam, kaka. Pole, na hongera kwa binti.

Mimi nilikuwa Malindi miaka minane, chumba cha kufulia cha hoteli moja ya ufukweni. Mashuka, taulo, vitambaa vya meza. Kulikuwa na ile mashine kubwa ya pasi, ya rola, unalilisha shuka upande huu linatoka upande ule limenyooka. Kinga yake ilikuwa imevunjika kitambo. Shuka lilikunjana, nikataka kulinyoosha, likaenda na mkono wangu. Nimepoteza kidole cha shahada na cha kati, mkono wa kulia.

Nilirudi kwetu Matondoni. Matondoni mwaijua: wanaume wanaunda vyombo vya baharini, wanawake wanasuka mikeka. Bibi yangu mzaa mama hakunipa pole ya pili. Alinipa ya kwanza, kisha akaniwekea fungu la miyaa, majani ya kusukia, mbele, akaniambia chana. Kuchana ni kuupasua mwaa kwa ukucha au kisu upate chane za upana mmoja. Nilikuwa nalia, yeye anahesabu chane.

Kusuka ndiko kulikokuwa na mtihani. Ukili, ule utepe wa chane unaosukwa kuunda mkeka, unashikwa kwa vidole vile vile ambavyo mimi sina. Tukajaribu hivi na vile, mwisho nikawa nabana kichwa cha ukili kwa kidole gumba cha mguu, mkono wa kushoto unasuka, wa kulia unasukuma tu kwa gumba. Mtu akinikuta nimekaa hivyo hucheka. Acheke. Ukili wangu umenyooka kuliko wa dada yangu mwenye vidole kumi, na yeye mwenyewe anakubali kwa shingo upande.

Jambo ambalo watu hawaniulizi: vidole ambavyo havipo vinawasha. Usiku hasa. Unataka kukikuna kitu ambacho kimebaki Malindi. Nikiwa nasuka havinisumbui, sijui kwa nini. Ndiyo maana utanikuta saa nane za usiku na karabai, si kwamba nina oda nyingi.

Pesa ya mkeka ni ndogo, tusidanganyane. Mkeka mzuri wa rangi unakula wiki kadhaa, na mtalii anataka apunguziwe mpaka iwe bei ya soda. Na kwa ile ajali sikupata kitu. Nililetewa karatasi wodini nikatia sahihi kwa mkono wa kushoto.

Karani wa Mokowe

Dada, hiyo karatasi imenikera. Nitaandika kidogo kwa faida ya wengine humu.

Kenya ina sheria ya mafao ya majeraha kazini, ya mwaka 2007, wengi wanaiita WIBA. Mwajiri anatakiwa awe na bima ya wafanyakazi wake. Ukiumia kazini, mwajiri apewe taarifa, na usipitishe miezi 12 tangu siku ya ajali, maana haki yako inaweza kupotea. Madai yanakwenda kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, si mahakamani kwanza. Mahakama ya Juu ililimaliza suala hilo Desemba 2019. Kwa ulemavu kamili wa kudumu hesabu ni mapato ya miezi 96, na kiungo kimoja kimoja kina asilimia yake kwenye jedwali la sheria. Vidole vimo humo.

Tena, mwanagenzi anayefundishwa kazi naye anahesabiwa kuwa mfanyakazi. Nyinyi mnaochukua vijana karakana, jueni hilo.

Na usitie sahihi wodini. Mwambie aliyekuletea kwamba utaisoma ukipata nafuu, uwe na mtu wako pembeni.

Mahamri Moto

Mimi nitaharibu mazungumzo kidogo, mnisamehe.

Nilikuwa mwashi Shela. Nilianguka kwenye jukwaa, uti wa mgongo ukapata ufa. Kila aliyekuja kunitazama alikuja na ufundi wake mkononi. Mmoja kachonge milango, mwingine kashone viatu, mwingine kasuke madema. Nilikwenda kuchonga kweli, miezi mitatu, kwa fundi mzuri mwenye subira. Ubao uko chini, wewe umeinama, patasi na nyundo, tako tako, na mgongo wangu unalia kila pigo. Na mkono wa uchongaji sina. Ua nililolichonga lilikuwa likifanana na kaa.

Niliacha. Sasa nakanda unga alfajiri, mke wangu anakaanga, tunauza mahamri kwa mbaazi. Nakanda nimesimama, meza nimeijenga mwenyewe kwa urefu wa kiuno changu. Sijapata maana mpya ya maisha. Nimepata wateja.

Bi Ukili

Kaka, mahamri yaliyoumuka vizuri ni ufundi, nani kakudanganya? Iliki unatia ngapi?

Mahamri Moto

Siri ya biashara, dada yangu. Njoo ule.

Kijana wa Punda

Mimi nilivunjika mkono mbio za punda za Maulidi. Umepona. Bado napanda. Nimekuja kusoma tu.

Mzamiaji

Natoka Kizingitini. Sisi kwetu mtu hupimwa kwa kamba koche anaowatoa mwambani. Wazee wetu walizamia kwa pumzi, na mimi nilianza hivyo. Baadaye tajiri mmoja akaja na mitungi ya hewa. Hakuna aliyetufundisha kitu. Tulivaa tukashuka.

Sasa najua kilichonipata, maana nimekieleza mara nyingi kwa vijana. Ukikaa kina kirefu ukivuta hewa ya mtungi, naitrojeni inayeyuka kwenye damu yako. Ukipanda pole pole inatoka yenyewe kwa pumzi. Ukipanda haraka inageuka mapovu humo humo mwilini, mfano wa soda ikifunguliwa kwa ghafla. Mimi siku ile nilishuka mara nne, ya nne nikaona kamba wawili wakubwa, nikakawia, hewa ikaniishia, nikapanda kama mshale. Nilipofika mashuani nilikuwa nacheka. Baada ya nusu saa miguu ikafa ganzi. Wenzangu walisema ni jini wa bahari, nikasomewa siku mbili kabla hawajanipeleka hospitali. Siwalaumu, walinipenda. Lakini siku mbili zile ndizo ningezitaka tena.

Natembea kwa mikongojo. Mbali siendi.

Ufundi wangu ni vyombo vidogo. Jahazi la urefu wa mkono, mashua, hata mtepe ule wa kushonwa kwa kamba, ambao leo huuoni baharini. Nilianza kwa kumchongea mtoto wa kaka yangu kidau cha kuchezea, kikazama. Nikakasirika. Nikasema mimi nimeishi baharini maisha yangu yote nichonge chombo kisichoelea? Nikachonga cha pili kikalala ubavu. Hapo ndipo nikamtafuta mzee mmoja muunda majahazi, nikamwambia nifundishe kama unavyofundisha mtu wa jahazi la kweli. Akaniuliza, mkuku wako, ule uti wa chini wa chombo, umeuweka kwanza? Nikasema nimechonga gogo. Akanicheka mpaka akatoa machozi.

Kwa hiyo naanza na mkuku, kisha mataruma, yaani mbavu za chombo, kisha mbao moja moja, na kalafati ya pamba ya kuziba nafasi katikati, vyote kwa udogo. Mnunuzi akiviweka kabatini shauri yake. Mimi kila kimoja nakitia kwenye karai la maji kabla hakijatoka nyumbani. Kikiegemea upande, hakiuzwi.

Baharia wa Zamani, umeuliza haya ya kuitwa fundi. Mimi mpaka leo wakiniita fundi sigeuki haraka. Wakiniita mzamiaji nageuka.

Mchongaji, Malindi

Niongeze la vitendo. Mimi nilikuwa beki, goti likanimaliza nikiwa na miaka 23. Nachonga wanyama na vijiko. Anayetaka kuanza asikimbilie mpingo wala mhugu: mhugu umekatwa mno na bei yake inatisha, mpingo ni mgumu, utavunja patasi na moyo. Anza na mwarobaini. Pwani umejaa, mtu anakata mti uani kwake anakuita uchukue gogo. Lakini uache ukauke pole pole kivulini, ukiuharakisha unapasuka. Na funga kitambaa puani, vumbi lake ukililamba chai yote ya siku ile ni chungu.

Baharia wa Zamani, Amu

Nimesoma yote, baadhi mara mbili. Mzamiaji, ningekuwa karibu ningekuja nikushonee matanga ya hivyo vyombo. Shazia haitafaa, lakini sindano ya kofia itafaa. Nipe vipimo vya foromali, na unieleze kama unatumia marikani, ile pamba nyeupe, au kitambaa kingine.

Mahamri Moto, hukuharibu chochote.

Kuna waliouliza bei. Kofia yangu ni nusu ya bei ya mke wangu, na ndivyo inavyostahili. Za mashine ziko dukani kwa mia chache, sishindani nazo.

Ile ya kwanza, ya miezi mitano, sikuiuza. Ina tundu kumi na mbili zilizolegea upande wa nyuma. Nilitaka kuzifumua, binti akakataa. Sasa ana miaka yake ishirini na kitu, yuko Mombasa, na kofia ameichukua yeye. Mumewe haimwenei.

Anayetaka oda anitumie kipimo. Chukua kamba, zungusha kichwa juu kidogo ya nyusi na juu ya masikio, usikaze, halafu ilaze kwenye rula. Usinikadirie kwa macho. Na kama una haraka ya Idi, mwambie mke wangu, usiniambie mimi.