Mbwa kazalia kwenye nyumba isiyoisha hapa Kireka, mwenyekiti wa LC (serikali ya kijiji) anataka sumu. Shelta watamchukua?

Mpangaji_Kireka:
Habari zenu jamani. Hapa kwetu Kireka kuna nyumba haijaisha, mwenyewe alipandisha kuta akaishia hapo, sasa kuna mbwa mmoja wa rangi ya udongo ameingia mle ndani kazaa. Watoto ni sita ama saba, sijaweza kuhesabu vizuri maana mama yao ukisogea anakuonyesha meno. Shida yangu lakini si mbwa, shida ni majirani. Kwenye kikao cha kijiji mwenyekiti wa LC kasema wasipoondoka ataleta mtu wa sumu na watu wakapiga makofi, kuna mtoto aliwahi kufukuzwa na mbwa akitoka shule kwa hiyo siwalaumu sana. Mimi jioni nawapelekea posho (ugali) kidogo na mukene, hivi vidagaa, mume wangu anasema nitamletea kichaa cha mbwa ndani ya nyumba.

Sasa nasikia Kampala kuna shelta ya wanyama. Nikiwatia kwenye boksi nikapanda boda mpaka getini watapokea? Wanalipisha? Na kazi yao hawa watu hasa ni ipi, maana barabarani mbwa bado wamejaa, kuna mtu kazini anasema ni NGO ya kula hela za wazungu tu. Anayejua kweli anisaidie, sio wa kubahatisha.

boda_wa_stage:
Banange. Watu wanalala njaa wewe unampikia mbwa mukene. Hospitali ukienda unaambiwa dawa hakuna nenda kanunue nje, halafu mbwa wana shelta na daktari wao. Mimi sisemi wawekewe sumu ila mwenyekiti naye ana watu wa kuangalia, na sisi wa usiku ndio tunaokimbizwa na hizo mbwa, abiria anarusha miguu juu karibu tuanguke wote.

najitolea_jumamosi:
Dada wa Kireka, mimi Jumamosi huenda kusaidia kwenye makao ya wanyama, sio mwajiriwa, nafagia vizimba na kutembeza mbwa. Nakuomba usiwapeleke ukawaacha getini. Hicho kitu kinawaumiza sana pale, mtu anakuja usiku na gunia, anaacha hapo, boda hata haijazimwa anaondoka, asubuhi askari anasikia vilio. Na ndani hakuna kizimba kisicho na mwenyewe. Halafu watoto wa mbwa wa mtaani hawajachanjwa, mmoja akiingia na parvo, ule ugonjwa wa kuhara damu, anawaambukiza wadogo wote na hivyo virusi vinakaa kwenye udongo miezi na miezi, ndiyo maana mnyama mgeni anatengwa kwanza. Piga simu, eleza hali ilivyo, tuma na picha, watakwambia kama kuna nafasi au waje wao kuangalia au wewe uwalee hapo hapo kwa muda wao wakitoa dawa. Hilo la mwisho ndilo hutokea mara nyingi.

USPCA, chama cha kulinda wanyama, ndio wakongwe hapa mjini, wako tangu miaka ya 90, shelta yao inaitwa The Haven. Wapo na wengine wadogo wadogo, hata watu binafsi wanaofuga paka thelathini nyumbani (hao mimi nawaogopa kidogo, moyo mzuri bila bajeti wanyama wanateseka). Watu wanachoona ni uokoaji, mbwa kagongwa Jinja Road, paka kamwagiwa maji ya moto, mbwa aliyefungwa waya shingoni toka mdogo akakua waya ukazama kwenye nyama. Hiyo ndiyo inayopigwa picha. Lakini kazi inayopunguza mbwa ni kufunga kizazi na kuchanja, na hiyo haina picha ya kuliza mtu. Jike anabeba mimba kama siku 63 tu, na kwa mwaka anaweza kuingia joto mara mbili, sasa huyo wako wa rangi ya udongo ukiwaondoa watoto ukamwacha yeye hivyo hivyo basi kabla mwaka haujaisha mko tena kwenye kikao.

Na ndugu wa boda, wengi unaokutana nao usiku wana kwao kabisa. Mwenye nyumba anamfungulia saa mbili usiku atembee, asubuhi anarudi kula. Shelta haiwezi kuwaweka ndani hao wote hata ingekuwa kubwa kama uwanja wa Namboole.

Malipo: kumpeleka mnyama wa mtaani mara nyingi unaombwa kuchangia unachoweza. Kuchukua mbwa pale ndiyo kuna fomu, mtu anakuja kuona kwako kama kuna ukuta au uzio, na mbwa anatoka akiwa amechanjwa na kufungwa kizazi. Wapo wanaokasirika wanasema mbwa wa bure mnaniuliza maswali ya visa. Na karibu kila mtu anataka German shepherd, wale mbwa wa Kizungu! Hawa wetu wa kienyeji wenye akili na tumbo la chuma wanabaki wanatazama geti. Kuhusu hela za wazungu, misaada ipo kweli, na inaishia kwenye posho, mukene, dawa na mishahara ya wachache. Mtu wa kazini kwako mwambie aende siku ya kutembelea akajionee sufuria zenyewe.

mifugo_mtaani:
Nimesomea udaktari wa mifugo pale COVAB, kitivo cha mifugo cha Chuo Kikuu cha Makerere, nafanya kazi na wafugaji na mbwa pia. Naongeza mambo ya kitaalamu.

Mume wako mwambie kichaa hakiji kwa kupeleka chakula. Kinapita kwa mate, mbwa akikuuma, akikukwaruza au akilamba kidonda. Lakini hofu yake si ya kijinga, karibu 99% ya watu wanaokufa kwa kichaa duniani walikipata kwa mbwa, na dalili zikishaanza hakuna dawa. Kwa hiyo kazi ya kwanza kabisa hapo ni kumchanja huyo mama, hata sasa akiwa ananyonyesha inawezekana. Watoto dawa ya minyoo wanaanza wakiwa na wiki mbili, chanjo ya parvo kati ya wiki ya sita na ya nane, ya kichaa wakifika miezi mitatu. Msiwatenganishe na mama kabla ya wiki nane, wakitolewa mapema ndio wanakuwa wale mbwa waoga wanaouma ovyo. Wakiacha kunyonya mama apelekwe kufungwa kizazi. Mpe chakula mtu yule yule saa ile ile, atakuzoea, siku ya kumkamata haitakuwa vita.

Sumu sasa. Mkiua hao, mabaki ya bucha na takataka bado zipo, mbwa wa mtaa wa pili watahamia na hao hujui hata kama wamechanjwa. Ili kichaa kikatike mahali inatakiwa mbwa kama 70% wawe na chanjo, kila ukiua aliyechanjwa unarudi nyuma. Na sumu haichagui, kuku wa jirani, paka, kaloli (lile korongo la jalalani) akila mzoga, mtoto anayeokota kitu chini. Kuna jambo lingine watu hawalifikirii, mbwa akiuma mtu akiwa hai anafungwa anaangaliwa siku 10, akiwa mzima tunajua hakuwa na kichaa kwenye mate siku ile aliyouma. Ukimpiga mawe akafa ukamtupa hutajua kitu, na mtu aliyeumwa lazima amalize sindano zake zote.

Akiuma mtu: maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 nzima, kisha kituo cha afya siku hiyo hiyo, usisubiri hizo siku 10 ndio uende. Msipake pilipili wala mafuta ya taa.

@boda_wa_stage umesema kweli kuhusu dawa hospitalini, na sindano za mtu aliyeumwa ni mojawapo ya hizo zinazokosekana. Mbwa anachanjwa sindano moja kwa mwaka. Mtu akiumwa ni kadhaa, na kila moja ina nauli yake.

mtu_wa_gulu:
Huku kaskazini tunao Big Fix Uganda, shirika la wanyama, hao hawangoji mbwa aletwe, wanaenda vijijini na meza zao na dawa, wanachanja, wanafunga kizazi, mbwa anarudi na mwenyewe nyumbani. Huku kuna pia ile programu ya Comfort Dog, mbwa wa kuliwaza watu, ambayo aliianzisha Francis Okello Oloya, yeye mwenyewe alipoteza macho akiwa na miaka 12, kitu kililipuka wakilima shambani. Mbwa waliokuwa hawana kwao wanapewa watu walioumizwa na vita, wanafunzwa pamoja miezi kadhaa mpaka wanafuzu. Mjomba wangu hakuwa anaongea na mtu baada ya kurudi kutoka msituni, sasa jioni utamsikia anamgombeza mbwa wake kwa sauti mpaka barabarani wanacheka. Kwa hiyo anayeuliza mbwa wana faida gani wakati watu wana shida, huku kwetu hayo ni jambo moja.

mzee_Bombo:
Salaam. Mimi mstaafu wa jeshi, Mnubi, Muislamu. Kwetu mbwa haingii ndani, akilamba chombo kinaoshwa mara saba moja kwa udongo, watoto wote wanajua. Lakini kumpa maji na kumchanja hakuna aliyekataza, kwa hiyo ndugu zangu wasijifiche nyuma ya dini kutaka sumu.

Kambini tulikuwa na mbwa wengi mpaka wanaingia kwenye gwaride. Wakapigwa risasi, baada ya muda wakajaa tena, wakapigwa tena. Siku afande mmoja alipoamuru shimo la mabaki ya mesi lifunikwe na mifupa ichomwe, wakapungua bila risasi. Binti yangu wa Kireka, kabla ya kwenda kwa mwenyekiti, angalia pipa la bucha lenu kwanza. Halafu usimwendee mwenyekiti mbele ya watu. Nenda nyumbani kwake na mtu mzima mwingine, umwambie mzee naomba muda mpaka watoto waache kunyonya, na gharama za chanjo tutachanga. Kiongozi ukimpa njia ya kuonekana ndiye aliyetatua, atakusikiliza.

Mpangaji_Kireka:
Asanteni sana jamani, mzee asante. Bucha ni kweli kabisa, pipa liko wazi na usiku utawaona wote pale na kaloli asubuhi. Mwenyekiti nitamwendea na mama mwenye duka, huyo anamheshimu. Nilikuwa sijui kama mama anaweza kuchanjwa akinyonyesha. Nyumba hii iko Kira, je naanzia kwa daktari wa manispaa ama niite binafsi?

mifugo_mtaani:
Anza na ofisi ya mifugo ya manispaa, uliza kama wana chanjo ya kichaa na kampeni ijayo ni lini, nyingi huwekwa karibu na tarehe 28 Septemba ile siku ya kichaa duniani. Kama wanasema haipo usingoje, ita binafsi, na mkiwakusanya mbwa wa majirani siku moja bei ya kila mmoja inashuka. Na ukimwona huyo jike anatoka damu nyuma muda mrefu baada ya kuzaa, au kuna nyama kama koliflawa, niambie. Ni uvimbe wanaoambukizana wakipandana, uko sana kwa mbwa wa mtaani na unatibika kwa sindano za kila wiki, watu wengi wanamuua wakidhani amelaaniwa.

boda_wa_stage:
Mimi bado nasema mukene ni ya watu. Ila daktari, pale stage kuna mbwa wetu mmoja dume tunamwachia mifupa ya pork, huyo naye akichanjwa tunalipa ngapi? Tuko kumi na kitu tunaweza kuchanga.

najitolea_jumamosi:
Mpe dada wa Kireka namba yako ya stage inbox, mwunganishwe siku moja na mbwa wa mtaa wake. Na mnaye wa kumshika? Kizimba cha kubebea ninacho, cha mbwa wa saizi ya kati, nitakileta mkisema siku.