Nimemaliza mkataba wa Boxer, moyo uko kwenye pikipiki ya umeme. Nishaurini kabla sijauza

Mpeleka Hesabu:

Wakuu, salaam kwenu.

Mimi ni bodaboda, kijiwe changu kiko Mbezi Mwisho hapa Dar. Mwezi uliopita nimemaliza mkataba. Miezi 14 nimepeleka hesabu ya elfu kumi kila jioni, jua na mvua, mpaka tajiri akanikabidhi kadi. Boxer ni yangu. Ajabu ni kwamba tangu iwe yangu ndiyo nimeanza kuichoka.

Aliyenichokoza ni jamaa aliyehamia kijiweni kwetu na pikipiki ya umeme. Wiki ya kwanza tulimcheka, tukamwita Feni. Wiki ya pili tukanyamaza, maana saa kumi na moja alfajiri sisi tumepanga foleni sheli, yeye keshapeleka abiria Kibamba na karudi. Juzi nikamwomba aniachie nipeleke mteja mmoja Goba. Jamani! Ukivuta resi hakuna kunguruma, inaondoka tu. Kilachi hakuna, gia hakuna. Abiria wangu, mama mmoja wa makamo, alipokea simu njiani akaongea na mwanawe kwa sauti ya kawaida. Miaka sita nabeba watu, sijawahi kusikia mazungumzo ya abiria mpaka ile "haya mwanangu, mlale salama".

Kwa siku natembea kama kilomita 120. Mafuta lita tatu na kidogo, elfu tisa mpaka kumi imekwenda. Bado kumwaga oili, plagi, kilachi, cheni, na fundi naye ale.

Nimetajiwa bei mbili: milioni 4 na laki 2 pamoja na betri yake (imeandikwa 72V 45Ah), au milioni 2 na nusu bila betri, unakodi kwa kampuni. Mke wangu anasema nimelogwa. Kaka yangu anasema betri ikifa nitabaki na baiskeli nzito. Mliokwisha kutumia, naombeni mnifungue macho.

Kisiki:

Usiuze Boxer. Boxer ikikuzimikia Kibaha saa nne usiku, fundi unampata chini ya mwembe, anafungua kabureta kwa tochi ya simu. Hiyo nyingine ikizima unamwita nani, Tanesco?

Fundi Waya:

Mleta uzi, tuanze na hiyo namba uliyoandika. 72 mara 45 ni wati-saa 3,240, yaani uniti tatu na robo. Pikipiki yenye abiria mmoja inakula wati-saa 30 mpaka 40 kwa kilomita. Muuzaji atakwambia chaji moja inakwenda kilomita 100, wewe kwa vilima vya huko kwenu shika 80. Unatembea 120. Kwa hiyo kabla ya bei, jiulize hizo 40 zinazobaki utazipata wapi. Ama uchaji mchana, ama uwe na betri ya pili.

Swali la pili: betri ni ya aina gani? Kama ni ya asidi, kimbia. Ni nzito, na ukiimaliza mpaka chini kila siku, mwaka hauishi. Lithiamu, hasa ile wanayoiita LFP, inavumilia kuchajiwa mara elfu mbili na zaidi ukiitunza. Piga hesabu mwenyewe hizo ni kilomita ngapi, halafu niambie Boxer yako ingekuwa imefunguliwa injini mara ngapi mpaka hapo.

Ubovu upo, nisikudanganye. Mwezi wa nne nililetewa moja imezima kabisa. Nikafungua kasha la betri, nikakuta matone ya maji yamejipanga juu ya seli kama jasho, na waya mmoja kwenye ile bodi inayolinda seli umeota kutu ya kijani. Mwenyewe alikuwa anaipeleka kuoshwa kwa mashine ya presha kila Jumapili! Tukakausha siku nzima, tukakata waya ule na kuunga mwingine, ikaondoka. Pikipiki haikuwa na kosa lolote. Mota haina plagi, haina ringi, haina valvu. Utahangaika na tairi, breki na beringi, basi.

Jingine, mshikaki uache. Mota ya umeme inatoa nguvu tangu inapoanza kuzunguka, ndiyo maana umeiona inachomoka. Lakini ukipanda kilima kirefu na watu wawili nyuma, kontrola, ile inayogawa umeme kwenda kwenye mota, inapata moto na kujipunguzia nguvu yenyewe. Wengi wakifika hapo wanadhani imeharibika.

Mama Skuta:

Mimi si bodaboda, ni mwalimu, nina skuta ya umeme mwaka wa pili sasa, Bunju mpaka Tegeta kila siku. Siirudii ya petroli hata kwa bure. Sketi haichafuki, nikifika darasani sinuki mafuta.

Ila kaka yangu, umepanga au uko kwako? Nauliza kwa sababu yalinikuta. Nilikuwa kwenye ile tarifu ya wanaotumia kidogo, uniti 75 kwa mwezi kwa shilingi 100 kabla ya kodi. Skuta ikanivusha 75, na ukivuka, kila uniti ya ziada ni 350. Tena luku ile tulikuwa tunachangia wapangaji watatu. Mwezi ule nilisalimiwa kwa shingo upande nyumba nzima, mpaka nilipofunga mita yangu. Tarifu ya kawaida ni 292, ukiweka kodi zake inafika kama 356. Kwa kilomita zako 120 weka uniti tano, maana chaja nayo inapoteza kidogo. Elfu mbili haifiki.

Na kabla hujatoa hata shilingi, uliza kadi na namba ya MC, ile ya usajili wa pikipiki. Halafu zoea kupiga honi. Mbuzi wa Bunju hawanisikii kabisa, wananitazama tu.

Mkaa Likoni:

Salaam kutoka Mombasa. Huku pikipiki za stima si jambo geni tena, tangu Septemba 2023 Rais Ruto alipokuja kuzizindua hapa hapa. Mimi nilichukua ile ya kukodi betri. Raha yake ni kuwa unafika kituoni, unatoa iliyokwisha, unatiwa iliyojaa, na hata chai hujapoa ushaondoka. Ubaya wake ni kuwa betri si yako. Nilichelewa kulipa siku mbili nikiuguza mtoto, wakaizima kwa mbali nikiwa na mteja na mzigo wake wa samaki. Nimeisukuma ile pikipiki juani mpaka mteja mwenyewe akanionea huruma akasaidia.

Na tena huendi utakako, waenda kilipo kituo. Ukiweza, ndugu yangu, nunua na betri yake.

Lori la Rusumo:

Napeleka mizigo Kigali. Wanaosema umeme hauwezi vilima, wapande moto za kule, ndivyo wanavyoziita pikipiki za abiria. Kampuni ya Ampersand inabadilishia watu betri pale tangu 2019, na kuanzia Januari 2025 pikipiki mpya ya petroli haisajiliwi tena kubeba abiria ndani ya Kigali. Na kule ni kilima juu ya kilima.

Kisiki:

Kigali wana lami mpaka mlangoni. Huku kwetu Msakuzi je, kwenye makorongo? Na umeme ukikatika?

Fundi Waya:

Umeme ukikatika, pampu ya sheli inazungushwa na nini?

Kisiki:

Wana jenereta.

Fundi Waya:

Haya, hapo umenipata.

Mpeleka Hesabu:

Nimerudi wakuu, na asanteni sana. Mama Skuta, nimepanga, lakini luku ni yangu peke yangu na niko kwenye tarifu ya kawaida.

Jumapili nilimwomba Feni pikipiki nusu siku. Nikampakia shemeji, nikafunga na mchele kilo 50, tukatoka Mbezi, Goba, Madale, tukarudi kwa kuzunguka. Fundi, usinigombeze, nilitaka kuitesa. Kilomita 46. Ilitoka na asilimia 100 ikarudi na 41. Kwenye kile kilima cha Goba ilipungua mwendo kweli, shemeji akaanza kusali, lakini ilipanda. Nilipofika nyumbani nikaandika namba ya luku, nikazima friji na taa zote, nikachomeka chaja. Ilipojaa zimeondoka uniti 2.2. Hiyo ni kama shilingi 780. Mke wangu ndiye aliyesoma mita, mara mbili, halafu akaniuliza kama ile betri inaingia kwenye mkataba wa udhamini au la. Tangu hapo sijasikia habari ya kulogwa.

Kwa hiyo nanunua na betri yake, LFP, muuzaji ameniandikia udhamini wa miaka mitatu nimeusoma mstari kwa mstari. Mchana nitachomeka kwa fundi cherehani jirani na kijiwe, tumeelewana nimlipe buku kwa siku. Saa mbili za kula na kupumzika zinanirudishia kama kilomita 30. Siku ya harusi na mizunguko mirefu nitakataa safari moja moja, sitakufa.

Boxer iko sokoni. BM 150, kadi safi, tairi la nyuma jipya, haijawahi kugongwa. Milioni 1 na laki 8, anayeitaka anitafute pembeni.

Kisiki:

Naichukua mimi. Leo nakutangulizia laki 5 na nusu, iliyobaki mwisho wa mwezi. Usimpe mtu.