Naomba ushauri: kopo limeandikwa New Zealand, nitahakikishaje?

Wakuu, habari za saa hizi. Nina kaduka ka vitu vya watoto huku Mbagala. Kuna jamaa ananiletea maziwa ya kopo ya watoto wachanga, yameandikwa New Zealand, bei chini mno. Roho inasita. Sijasahau yale ya China mwaka 2008: melamini (kemikali ya kutengenezea plastiki) kwenye maziwa, watoto karibu 300,000 wakaugua, wasiopungua 6 wakafa.

Nimesoma kwamba maabara hupima isotopu, yaani atomi za elementi moja zinazotofautiana uzito, ili kujua maziwa yametoka wapi. Kaboni huonyesha kama ng'ombe alikula nyasi za malishoni au mahindi, oksijeni na hidrojeni hufuata maji ya mvua ya eneo, strontiamu hufuata miamba na udongo. Hapo sawa. Kinachonichanganya ni kwamba kopo moja ni mchanganyiko: laktosi (sukari ya maziwa) yaweza kutoka nchi hii, mawese nchi ile. Sasa wanapima unga wote, au wanatenga kwanza protini ya maziwa? Na bila sampuli halisi za New Zealand za kulinganisha, majibu yana maana yoyote?

Anayefanya kazi maabara anielekeze. Makopo 2 ninayo, sijayafungua. Mama watoto anasema niyarudishe tu, yaishe.